Mdogo wangu aliacha shule. Nimrudishe vipi bila kumpoteza?

Shangazi, shikamoo.

Nimechoka, ila sijakata tamaa, ndiyo maana nakuandikia. Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watatu. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama anaumwa mara kwa mara, na mambo mengi ya nyumbani yako mikononi mwangu. Nina mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 18. Mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, aliacha shule.

Hakuamka siku moja akasema sitaki tena kusoma. Ilianza pole pole. Mama alipokuwa akizidiwa mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki kumwangalia. Wiki hii siku mbili, wiki ijayo siku moja. Akirudi darasani anakuta wenzake wameshasonga mbele, hasa kwenye hesabu. Akiulizwa swali anasimama tu, darasa zima linamtazama. Akaanza kukwepa vipindi vya hesabu. Baadaye akawa anafika shuleni saa nne. Akaadhibiwa kwa kuchelewa, na mwisho wakamsimamisha masomo wiki mbili kwa sababu ya utoro. Wiki mbili zikaisha, hakurudi. Hakuna mtu wa shule aliyetupigia simu. Na mimi nilichelewa sana kujua, kwa kuwa asubuhi alikuwa anavaa sare na kutoka kama kawaida.

Juzi nilikuwa nasafisha chumba chake nikayakuta madaftari yake ya zamani. La historia limejaa mpaka nyuma. La hesabu, kurasa za mwanzo zimepangwa vizuri, tarehe juu, jibu limepigiwa mstari chini yake. Halafu tarehe zinaanza kuruka. Kuna ukurasa ameandika swali bila kulifanya. Baada ya hapo ni kurasa nyeupe tupu hadi mwisho. Niliketi kitandani kwake nikalia.

Sasa hivi anafanya vibarua gereji. Pesa anayopata si nyingi lakini anaileta nyumbani, na siwezi kudanganya, tunaitegemea. Nikimgusia habari za shule ananijibu, "Dada, niache. Mimi na shule basi." Lakini wenzake wakianza kuongelea mitihani namwona anainuka na kuondoka. Wao sasa wako darasa la mwisho. Aliwahi kuniambia hawezi kukaa dawati moja na watoto aliokuwa akiwatuma.

Mama anasema tumwache, kila mtu na riziki yake. Mjomba naye anasema siku shule ikifunguliwa atamshika mkono mwenyewe, apende asipende, ampeleke mbele ya mkuu wa shule akaombe radhi. Mimi niko katikati yao. Swali langu ni hili, Shangazi: kweli kijana aliyeshaacha shule anaweza kurudi na akamaliza? Na kama anaweza, nianzie wapi?

Kuna jambo jingine dogo. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, yuko kidato cha kwanza. Muhula huu amekuwa analalamika tumbo asubuhi, mara nyingi Jumatatu na Alhamisi, na tunamwacha apumzike. Muhula uliopita alifeli masomo mawili. Sidhani kama ni jambo kubwa, labda ni umri tu, ila nimeona nikutajie.

Ni mimi,
Dada Mkubwa

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kulea wadogo zako wakati wewe mwenyewe bado ulihitaji mtu wa kukushika mkono. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma nakwama palepale mwishoni, pale ulipotaja jambo dogo.

Utaniwia radhi, basi, nianze na huyo binti. Najua umeniandikia kwa ajili ya kijana na nitafika kwake. Lakini kijana ameshatoka, na hata tukichukua mwezi mzima kupanga namna ya kumrudisha, hatutakuwa tumechelewa zaidi ya hapa. Binti bado yumo. Jina lake linaitwa kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio. Kumzuia asitoke ni kazi nyepesi mara nyingi kuliko kumrudisha akishatoka, na dirisha hilo halikai wazi muda mrefu.

Hebu soma tena barua yako. Kuhusu kaka yake uliandika "wiki hii siku mbili, wiki ijayo siku moja". Kuhusu yeye umeandika Jumatatu na Alhamisi, na masomo mawili aliyofeli. Ni mwanzo uleule, nyumba ileile.

Wala si mimi tu ninayeona hivyo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari katika mji huo. Waliona kwamba mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kufeli zaidi ya somo moja la msingi katika muhula, na akawa amefaulu masomo ya kutosha kupanda darasa, alikuwa na uwezekano wa kuhitimu kwa wakati zaidi ya mara tatu ya yule ambaye hakufika hapo. Mwaka huo mmoja ulieleza mengi kuliko alama alizotoka nazo shule ya chini. Miaka miwili baadaye, watafiti wengine waliofuatilia karibu wanafunzi 13,000 huko Philadelphia wakaonyesha kwamba dalili huonekana mapema zaidi, tangu darasa la sita: kukosa shule mara kwa mara, kufeli hesabu, kufeli somo la lugha, na tabia kubadilika darasani. Kwa dalili hizo tu wangeweza kuwatambua asilimia 60 ya wale ambao baadaye hawakuhitimu. Miaka kadhaa kabla hawajaacha shule, majina yao tayari yalikuwa yanaonekana kwenye daftari la mahudhurio na kwenye ripoti, kama kuna mtu angeyatazama.

Sasa wewe ndiye wa kutazama. Wataalamu wengi wa mahudhurio wanaanza kuhofia mwanafunzi akikosa siku moja kati ya kumi. Anayekosa Jumatatu na Alhamisi amekosa siku mbili kati ya tano.

Kwanza mpeleke hospitali, kwa sababu tumbo linaweza kuwa linauma kweli. Usimchukulie kuwa anasingizia. Muulize pia kwa upole kuhusu hedhi, kama ana vya kujisitiri, na kama choo cha shule kina mlango na maji. Mabinti wengi hukosa siku zao kila mwezi kwa sababu hiyo tu na hawasemi, hasa nyumba ambayo mama ni mgonjwa na hawataki kuongeza gharama.

Kisha chukua ratiba yake ya vipindi uiweke mezani. Jumatatu na Alhamisi kuna nini ambacho Jumanne hakipo? Inawezekana ni somo fulani. Inawezekana ni mwalimu fulani, ama kundi la wasichana wanaomcheka, ama mwanamume anayemsubiri njiani siku anazotoka mapema au kuchelewa. Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi. Mtoto anayenyanyaswa mara nyingi husema tumbo, kichwa au homa, kwa kuwa ndiyo maneno aliyo nayo. Usimuulize mbele ya mama wala mbele ya kaka yake. Tembeeni mkiwa wawili, mkiosha vyombo, mkisukana nywele, mazungumzo yanakuja yenyewe mikono ikiwa na kazi. Na akikwambia jambo zito, mwambie umemsikia na umemwamini, halafu mlifikishe panapohusika pamoja.

Wiki hiihii zungumza na mwalimu wake wa darasa. Usisubiri siku ya wazazi. Mwambie: mdogo wangu amekosa siku kadhaa, nataka kujua amekosa ngapi kwenye daftari lako, na nataka tukubaliane kwamba akikosa tena unanijulisha asubuhi hiyohiyo. Mpe namba yako wewe, maana mama akiwa kitandani simu yake haipokelewi. Haya masomo mawili aliyofeli mtafutie mtu wa kumfundisha sasa, yakiwa bado mawili.

Hayo yakishakaa sawa, tuje kwa kijana.

Umeniuliza kama anaweza kurudi na kumaliza. Anaweza. Wanarudi wengi, na hamu anayo huyu wako, kwa sababu asiyejali shule hainuki wenzake wanapozungumzia mitihani. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti Marekani ya vijana karibu 500 walioacha sekondari, wakaulizwa kwa nini. Asilimia 43 walisema walikosa siku nyingi hadi wakashindwa kuwafikia wenzao. Asilimia 22 walisema walikuwa wanamuuguza au kumtunza mtu wa familia. Na walipoulizwa wangefanya nini kama wangerudishwa nyuma, asilimia 74 walisema wangebaki shuleni. Kijana anayesema "mimi na shule basi" mara nyingi anasema yaliyomkuta yasimkute tena.

Na yaliyomkuta wako ni mengi. Wanaochunguza mambo haya huwa wanatenganisha sababu tatu. Kuna linalomvuta mwanafunzi nje: ugonjwa wa mzazi, kutafuta pesa, mimba, ndoa. Kuna linalomsukuma: adhabu, kufukuzwa, kudhalilishwa. Na kuna kubaki nyuma kidogo kidogo mpaka mtu anapotea bila yeyote kutangaza kwamba amepotea. Mdogo wako alivutwa na ugonjwa wa mama, hesabu ikamwacha nyuma, na adhabu ikamalizia kumsukuma. Ukimrudisha hali hizo tatu zikiwa zilezile, atatoka tena kwa mlango uleule, na safari hiyo ya pili atakuwa na uhakika kwamba tatizo ni yeye.

Niseme wazi kuhusu kusimamishwa masomo. Mtoto amekosa vipindi, anaadhibiwa kwa kunyimwa vipindi vingine vya wiki mbili. Sijui mtu anategemea nini hapo. Walimu wanaonisoma watanisamehe, najua madarasa yamejaa na mnachoka, lakini mtoro anahitaji mtu wa kumuuliza alikuwa wapi kabla ya mtu wa kumwandikia barua ya kwenda nyumbani. Mngeuliza mara moja tu mngesikia habari za mama mgonjwa.

Kwa hiyo mjomba asimshike mkono. Ongea naye kwa heshima yake, maana ana uchungu na mpwa wake na hilo ni jema, lakini kijana wa miaka 18 akiburuzwa mbele ya mkuu wa shule na kuombeshwa radhi kwa kosa la kumuuguza mama yake, hatakanyaga pale tena. Mpe mjomba kazi nyingine, kubwa kuliko hiyo: siku mama akizidiwa, nani anabaki naye? Mkae wewe, mjomba, shangazi zako na jirani mnayemwamini, mgawane siku hizo kabla kijana hajaulizwa lolote kuhusu shule. Akiona hilo limepangwa bila yeye, atajua kwamba safari hii mmekusudia.

Mama naye usibishane naye kuhusu riziki. Nadhani mama anaogopa mambo mawili, kubaki peke yake na kukosa ile pesa ya gereji. Ukimjibu hayo mawili, utashangaa atakavyolainika. Pesa ihesabuni kwa ukweli: analeta kiasi gani kwa wiki, na itapungua kwa kiasi gani akifanya kazi Jumamosi na likizo tu. Nenda ukazungumze na fundi wake. Mafundi wengi wanamheshimu kijana anayesoma, na wengine wao wenyewe walikatishwa masomo. Muombe amwachie nafasi yake siku hizo. Kijana akijua hatapoteza kazi, umeshamwondolea sababu moja ya kukataa.

Ndipo uzungumze naye. Usimuulize "kwa nini hutaki shule", hilo ameshalijibu na jibu lake umelisikia. Muulize hivi: "Kama ungerudi, ni kitu gani kingekushinda wiki ya kwanza?" Halafu nyamaza. Atasema hesabu. Atasema mwalimu fulani. Atasema wale watoto aliokuwa akiwatuma. Kila atakachotaja kiandike, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ya mambo ya kushughulikia, na ameitoa yeye mwenyewe. Usimjibu papo hapo kwamba hilo dogo, utazoea. Akisema bado hataki, mwachie, mkubaliane tarehe ya kulizungumza tena, na tarehe ikifika mzungumze kweli. Usilitaje kila jioni akiwa anakula.

Kuhusu aibu ya umri, usiichukulie kirahisi. Kukaa darasani ukiwa mkubwa kuliko wote ni mojawapo ya sababu zinazowatoa wanaorudia darasa. Ndiyo maana sitaki uanze na wazo kwamba lazima arudi shule ileile, kidato kilekile. Ziko njia kadhaa, na mkae mzipime pamoja. Anaweza kurudi shule yake ya zamani, ikiwa kuna mwalimu pale anayempenda. Anaweza kuhamia shule nyingine ambako hakuna anayejua habari zake. Anaweza kusoma madarasa ya jioni au ya watu wazima, ambako wa miaka 18 ndiye mdogo, akajiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na kwa kuwa mikono yake imeshazoea spana, chuo cha ufundi ni njia ya heshima, hasa kile kinachofundisha masomo ya kawaida pamoja na ufundi.

Ila katika kila njia uliza swali moja kabla ya kulipa ada: cheti hiki kinapokelewa wapi? Nalisisitiza kwa sababu vyeti mbadala si vyote vina uzito sawa. Marekani walianzisha mtihani wa GED mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi ambao hawakumaliza sekondari, na baadaye raia wakaruhusiwa kuufanya. Umewafungulia wengi milango, lakini mchumi James Heckman na wenzake walipowafuatilia waliofaulu kwa njia hiyo waligundua kwamba kwa wastani kipato chao hakikuwafikia waliohitimu darasani. Nenda kwenye chuo au kwa mwajiri ambako mdogo wako angependa kufika, waulize wanapokea nini, ndipo mchague.

(Wasomaji wenye binti aliyetoka kwa ujauzito, na ninyi mnaniandikia sana: msikubali kuambiwa kwamba ameshaharibu. Kenya ina sera ya kumrudisha shuleni binti aliyejifungua tangu 1994, na Tanzania iliruhusu rasmi mwaka 2021. Mkiambiwa vinginevyo na mtu yeyote, ombeni mwongozo wa wizara usomwe mbele yenu. Na mtoto wake apatiwe wa kumlea kwanza, sawa na nilivyomwambia Dada Mkubwa kuhusu mama yake.)

Lile daftari la hesabu usilitupe. Umelililia, sasa lifanyie kazi. Tafuta ukurasa ambao tarehe zinaanza kuruka. Hapo ndipo alipoachwa, na hapo ndipo afundishwe kuanzia, si ukurasa ambao darasa limefika leo. Mtafutie mtu mmoja, mwanafunzi wa chuo au mwalimu mstaafu, akae naye saa chache kwa wiki kabla ya muhula kufunguliwa. Awe mtu asiyemcheka. Mpe daftari, amwonyeshe ukurasa. Kijana akilifanya lile swali aliloliandika akaliacha, atakuwa amepata kitu ambacho maneno yangu na yako hayawezi kumpa.

Kwa mkuu wa shule, yoyote mtakayoichagua, nenda wewe kwanza bila yeye. Chukua ripoti zake za zamani, matokeo ya mitihani, na kama ni shule nyingine, barua ya uhamisho. Eleza ugonjwa wa mama bila kuficha na bila kulalamika. Kisha omba mambo mahususi. Ile adhabu ya kusimamishwa ifungwe kwenye jalada, isije ikatajwa tena mbele ya wenzake. Apewe nafasi ya kusaidiwa hesabu. Na atajwe mwalimu mmoja, kwa jina, atakayekuwa anamfuatilia.

Hilo la mwalimu mmoja ndilo ningelipigania kuliko yote. Kuna mpango ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1990, unaitwa Check & Connect, nao ni miongoni mwa michache iliyopimwa vizuri ikaonekana kweli inawabakiza wanafunzi shuleni. Siri yake haina maajabu. Kila mwanafunzi aliye hatarini anapewa mtu mzima mmoja anayeangalia mahudhurio yake, alama zake na mwenendo wake mara kwa mara, anazungumza naye, anaongea na nyumbani, na hamwachi kwa angalau miaka miwili, hata akihama shule. Mtu yuleyule, miaka miwili. Shule yenu inaweza isiwe na mpango kama huo, lakini mwalimu mmoja mwenye moyo huwa hakosekani. Muulize kijana mwenyewe: pale shuleni, nani aliwahi kukuita kwa jina lako ukajisikia vizuri? Mfuate huyo, hata kama ni mwalimu wa michezo au mlinzi wa maktaba.

Akishaingia, wiki za mwanzo ndizo za hatari. Watu wa nyumbani hupumua, wakasema amerudi, imekwisha. Kumbe yeye ndiyo kwanza anakutana na yale yote aliyoyaorodhesha. Msimpe lengo la kuwa wa kwanza darasani. Mpeni lengo la kufika kila siku mwezi huu, na jioni asiulizwe alama, aulizwe leo ilikuwaje. Atakuja siku moja na uso uliokunjamana aseme hawezi. Msikilize, umpigie yule mwalimu, mtatue lililotokea siku hiyo tu.

Na siku ya kwanza atakayokosa, usiiache ipite kwa sababu mama alizidiwa au mvua ilinyesha. Asubuhi hiyohiyo mpigie mwalimu umwambie hatakuja na kesho atakuja, mtume mwenzake amletee kilichofundishwa, na jioni hiyohiyo akinakili kwenye daftari lake, aandike na tarehe.

Niandikie muhula ukifunguliwa. Nataka kujua habari za wote wawili, na za mama.

Shangazi